Niliambukizwa kwenye chumba cha chai: ushauri kwa wahudumu wapya wa hospitali ndogo

Kila wanapokuja wauguzi wapya katika hospitali yetu, swali wanaloniuliza kuhusu miaka ya korona huwa ni lilelile: tuliwezaje kuingia katika wodi ya waliotengwa bila kuogopa? Huwajibu kwamba tuliogopa sana, ila wodi hiyo siyo iliyoniambukiza. Niliambukizwa nikiwa nimekaa kitako saa nne asubuhi, barakoa imening'inia kidevuni, mbele yangu sahani ya mahamri na mbaazi, nikicheka na wenzangu.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya kaunti ndogo, Pwani ya Kenya. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, marufuku ya kutoka nje usiku ikaanza tarehe 27 mwezi huohuo, na mapema Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Hospitalini kwetu wodi moja ilihamishwa wagonjwa, mlango wake ukafungwa utepe mwekundu, na karibu vifaa vyote vya kujikinga tulivyoletewa vikapelekwa huko. Kwa uchache wa vifaa tulivyokuwa navyo, sidhani kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba utepe ule ulitufundisha, bila mtu yeyote kutamka, kwamba hatari iko ndani yake na kwamba ukishauvuka kutoka nje umesalimika.

Wenzetu wawili waliopangiwa zamu za wodi ile tuliwatenga nao. Sijivunii jambo hili, lakini lazima nilieleze kwa sababu ndilo lililonifumbua macho. Hatukuwaambia wasiingie chumba cha chai. Tulinyamaza tu walipoingia, mpaka wakaelewa, wakawa wanachukua vikombe vyao na kwenda kunywa nje, kwenye benchi chini ya mwarobaini. Mwezi Novemba 2020 mwenzetu mmoja wa wodi ya kawaida alianza kukohoa, akasema ni mafua ya kubadilika kwa upepo, akaendelea kuja kazini na kunywa chai pamoja nasi. Katika muda wa siku kumi hivi, sita kati ya tisa tuliokuwa tukibanana katika chumba kile tulipatikana na virusi, nami nikiwemo. Wale wawili wa benchi la mwarobaini walipimwa mara mbili na hawakuwa na kitu. Sina uthibitisho wa maabara wa nani alimwambukiza nani, lakini mpaka leo sijapata maelezo mengine yanayoniridhisha.

Baadaye nilisoma matokeo ya watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Kenya, waliopima kingamwili za wahudumu wa afya katika nusu ya pili ya mwaka 2020. Jijini Nairobi waliokuwa na kingamwili zinazoonyesha kwamba wamewahi kuambukizwa walikuwa asilimia 43.8, Busia asilimia 12.6 na Kilifi asilimia 11.5, na hapakuwa na tofauti kubwa baina ya kada moja na nyingine. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonishika. Ikiwa daktari, muuguzi na asiyemgusa mgonjwa kabisa wanaambukizwa kwa viwango vinavyokaribiana, basi kitanda cha mgonjwa peke yake hakiwezi kuwa ndicho chanzo, na kinga inayogawiwa kwa kufuata vyeo inawaacha wengi wazi.

Ushauri wangu wa kwanza kwa hiyo unahusu hewa, nao hauhitaji fedha. Niliporudi kazini baada ya kupona nilichukua kijiti cha udi nyumbani, nikakiwasha katikati ya chumba cha chai huku mlango umeegeshwa kama ilivyo desturi yetu. Nilitarajia moshi uelekee dirishani. Ulipanda wima hadi karibu na dari, ukajikunja, ukatanda juu ya meza na kutulia hapo kama utando, kwa sababu dirisha pekee la chumba kile lilikuwa limezibwa nusu na kabati la mafaili ambayo hakuna mtu aliyeyafungua kwa miaka mingi. Nilimwita msimamizi wa wauguzi, akasimama mlangoni akautazama moshi ule bila kusema neno, kisha akaenda kutafuta vijana wa kubeba kabati. Tulipofungua dirisha lote na mlango unaolikabili, moshi ulilala ukatoka nje kwa mkondo mmoja. Fanya jaribio hili katika kila chumba unachofanyia kazi, kuanzia chumba cha kubadilishia nguo hadi dawati la kuandikisha wagonjwa, na ulirudie msimu wa upepo unapobadilika, maana dirisha linaloleta hewa wakati wa kusi huenda likawa halina faida yoyote wakati wa kaskazi.

Wodini jambo hilo lina uzito zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu hewa ya asili unataka kila mgonjwa wa wodi ya kawaida apate lita 60 za hewa kwa sekunde, na lita 160 pale penye hatari ya ugonjwa unaoenea kwa hewa. Hatuna chombo cha kupimia kiasi hicho, lakini majengo yetu ya zamani, yenye dari zilizoinuka na madirisha pande mbili, yana uwezo mkubwa kuliko tunavyoyadhania. Watafiti waliopima hewa katika hospitali 8 za jiji la Lima, nchini Peru, wakiwa na wasiwasi wa kifua kikuu, walionyesha mwaka 2007 kwamba wodi za kizamani zilizofunguliwa madirisha zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vipya vyenye mitambo. Anayekohoa mlaze upande ule ambapo hewa inatoka wodini kwenda nje, wala usimlaze pale ambapo pumzi yake itawapitia wenzake kumi.

Kazi ngumu ni kuyaacha madirisha hayo wazi. Jioni jamaa za wagonjwa huyafunga moja baada ya jingine, na ukiyafungua utaambiwa, "Sista, mama yetu atashikwa na baridi yabisi." Wana hoja, na mbu nao wana hoja yao. Tuligundua kwamba mabishano hayasaidii. Kilichosaidia ni shuka la ziada kwa wazee, vyandarua visivyotoboka na wavu wa waya dirishani, pamoja na kumweleza jamaa mmoja mwenye sauti katika familia ili yeye awaeleze wengine.

Kuhusu barakoa, zile za N95, zinazobana uso na kuchuja hewa, zilipokuwa adimu tuliziweka kwa ajili ya wanaofanya kazi zinazorusha chembechembe nyingi hewani, kama kumnyonya mgonjwa makohozi au kumwingiza mpira wa kupumulia. Uliyepewa moja kwa siku kadhaa, andika jina lako kwenye kamba yake, uihifadhi ndani ya mfuko wa karatasi ya khaki ili ikauke, na uitupe ikilowa, ikichafuka au ikilegea. Kila unapoivaa, ifunike kwa viganja viwili upulize pumzi: ukihisi upepo unapanda machoni, haijakaa, na haikukingi kwa kiwango unachodhani. Barakoa ya kawaida ikiwa imebaki moja tu, mpe mgonjwa anayekohoa kwanza, kwa kuwa kuzuia kwenye chanzo ni rahisi kuliko kuzuia kwa watu wote waliomzunguka.

Kuvua ndiko kunakoambukiza kuliko kuvaa. Mtu aliyemaliza saa sita ndani ya gauni la plastiki katika joto la Pwani hutamani kujichomoa kila kitu kwa pamoja, na hapo ndipo mkono mchafu unapofika jichoni. Tulinunua kioo sokoni tukakitundika mlangoni, na tukaweka sharti kwamba hakuna anayevua bila mwenzake kumtazama kutoka mbali na kumtajia hatua: glavu, takasa mikono, gauni, takasa tena, miwani, kisha barakoa mwisho kabisa ukiwa umeshatoka nje, kwa kushika kamba za nyuma, halafu takasa mikono mara nyingine. Glavu, nikizitaja, ziliwadhuru wengi wetu kwa sababu mtu alizivaa jozi mbili tangu asubuhi na kushika nazo mgonjwa, faili, kitasa na simu yake mwenyewe. Mkono mtupu uliooshwa ni bora kuliko glavu isiyobadilishwa.

Dawa ya kutakasia mikono ilipokosekana, mfamasia wetu aliichanganya mwenyewe kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka zitimie lita 10, na kuacha kwa saa 72 kabla ya kutumia. Kazi hiyo afanye mwenye ujuzi, mbali na moto. Vibanda vya kunyunyizia watu klorini, vilivyopendwa sana mwaka ule, havikufaa kitu zaidi ya kuwasha macho.

Nimebakiza wale wasiohesabiwa. Mama wa usafi aliyekuwa akikusanya takataka za wodi ya waliotengwa alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, akivaa glavu za kuoshea vyombo alizojinunulia. Alipopata homa alikuja kazini, nami nilipomkaripia alinijibu, "Sista, nisipokuja leo watoto wangu watakula nini?" Sikuwa na jibu. Hakuna kioo wala udi utakaomzuia mtu mgonjwa kuja kazini ikiwa kubaki nyumbani ni kulala njaa. Tulichoweza, na bado tunakifanya, ni mchango mdogo wa kila mwezi wa wafanyakazi wa wodi, ambao kibarua akiugua analipwa siku zake. Kinachotakiwa hasa ni mkataba wenye likizo ya ugonjwa, na ukiwa na nafasi katika kikao chochote, hilo lidai kabla ya kudai barakoa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 duniani walifariki kwa ugonjwa huu.

Chanjo zilipofika nchini mwezi Machi 2021 nilichanjwa katika kundi la kwanza, nami nawasihi wapya wasiipuuze wala wasiifanye kisingizio cha kufunga madirisha. Virusi vya korona bado vipo, na kifua kikuu, kilichokuwepo kabla yake, kinapita katika hewa hiyohiyo.

Benchi la mwarobaini sasa ni refu, tumeongeza mengine mawili, na chai ya saa nne hunywewa hapo na watu wote, wa usafi na madaktari. Mvua ikinyesha tunaingia chumbani wanne wanne, mlango na dirisha vikiwa wazi, wengine wakisubiri barazani na vikombe vyao. Udi na kiberiti viko kwenye droo ya juu ya meza ya muuguzi wa zamu.