Majina Mawili ya Superman, na Lako Ukija Marekani

Ndugu zangu, mmeuliza mambo mawili: je, mashujaa wa vitabu vya katuni ndio Wamarekani wenyewe? Na mtu akihamia huku, lazima awe na sura mbili kama Superman, anayejificha kwa jina la Clark Kent?

La kwanza, hapana. Mashujaa hao ni nchi hii inavyotamani kuwa. Captain America alitokea madukani Desemba 1940, jaladani akimtandika Hitler ngumi, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. (Jalada limeandikwa Machi 1941, tarehe za majalada huwa za miezi ya mbele kuliko siku ya mauzo, kwa hiyo ukifuatilia historia yake rudi nyuma miezi kadhaa.) Mwaka 1974, kashfa ya Watergate, iliyomng'oa Rais Nixon, ikiwa imeitikisa nchi, shujaa huyohuyo alilivua jina lake akajiita Nomad, yaani mhamahamaji. Kuipenda nchi na kuwakataa viongozi wake, huku vinakaa nyumba moja. Lakini mgeni akiikosoa serikali vilevile, wapo watakaomuuliza mbona alikuja. Jiandaeni kwa hilo.

La pili ndilo zito. Superman wa mwaka 1938 ni kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 ilikuwa imewabana mno watu wa Ulaya Mashariki wasiingie. Nao wakabuni mtoto wa sayari iliyoangamia, aliyezaliwa Kal-El, anayekwenda kazini kwa jina la Clark Kent. Hata Jack Kirby, mmoja wa waliombuni Captain America, alizaliwa Jacob Kurtzberg. Kubadili jina ndiyo ilikuwa nauli ya kuingilia.

Siku hizi mambo yamelegea. Kamala Khan, shujaa wa katuni, binti Mwislamu wa Jersey City mwenye asili ya Pakistani, alipata kitabu chake mwaka 2014. Nguvu zilipomjia, kwanza aligeuka mwanamke mzungu mwenye nywele za dhahabu. Sura ile haikumkaa, akabaki na yake.

Basi, jina lako. Kazini huenda ukaombwa ulifupishe. Jina la kuitwa halidai hati yoyote. Kataa au kubali. Ila fomu za kodi na mshahara zifuate kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) herufi kwa herufi, la sivyo kumbukumbu za mapato yako zinaweza kupotea njia. Kulibadili kisheria unaweza kuomba ndani ya fomu ya uraia, N-400, lakini hapo kiapo cha uraia lazima kiwe cha mahakamani, na unaweza kusubiri zaidi. Wengi hukwama baadaye: vyeti vya shule vina jina la zamani, pasipoti ina jipya. Karatasi ya mahakama yenye majina yote mawili itunze pamoja na cheti cha uraia, na kadi ya Social Security ibadilishe kabla hujaanza kazi nyingine.