Maswali ya Wasomaji: Pikapu Mpya Imepaa Bei, Tunanunuaje?

Barua nyingi za safari hii ni za pikapu, na karibu zote zinalia bei. Tumechagua tano zinazouliza jambo ambalo mnunuzi anaweza kulipima, kulisoma au kulihesabu kabla hajatoa pesa.

Swali: Nilianza kuweka akiba ya pikapu mpya mwaka 2019. Akiba imekua, lakini bei imekua zaidi. Ningoje ishuke?

Jibu: Bei ya orodha ikishapanda hairudi nyuma kirahisi. Chipu za kompyuta zilipoadimika mwaka 2021, viwanda vilizipeleka zile chache zilizopatikana kwenye matoleo ya bei kubwa, maana huko ndiko kwenye faida nene. Uhaba ulipopita, mazoea yakabaki: pikapu ya viti vya vitambaa na rimu za chuma ipo kwenye orodha, ila yadini huioni mpaka uiagize. Sheria nazo zimeongeza vifaa. Marekani inadai kamera ya nyuma kwa kila gari jipya jepesi tangu Mei 2018. Umoja wa Ulaya unadai breki za dharura zinazojifunga zenyewe kwa magari yote mapya ya abiria na mizigo midogo tangu Julai 2024. Halafu kuna ushuru. Marekani imekuwa ikitoza asilimia 25 kwa pikapu za kutoka nje tangu 1964, ndiyo maana pikapu nyingi ndogo za bei nafuu zinazouzwa Asia hazijawahi kukanyaga huko.

Hata hivyo pikapu kavu hazijafa. Mwishoni mwa 2023 Toyota ilizindua Hilux Champ nchini Thailand, gari lililoundwa makusudi liwe na vitu vichache, na mnunuzi akipenda analichukua bila bodi ya nyuma ili afunge yake. Uliza kama mtengenezaji unayemwamini ana toleo la namna hiyo katika soko lako.

Kungoja kwenye maana ni kwa wiki, si kwa miaka. Muuzaji mwenye lengo la robo mwaka hulegea siku za mwisho za Machi, Juni, Septemba na Desemba. Hulegea zaidi sura mpya ya modeli ikishatangazwa huku za sura ya zamani zikiwa bado zimejaa yadini.

Swali: Mimi ni fundi ujenzi. Nabeba mifuko 15 ya saruji na vijana wanne. Muuzaji ananisukumia dabo kebini (ya safu mbili za viti) ya toleo la juu, anasema ndiyo "yenye nguvu". Ni kweli?

Jibu: Nguvu ya injini na uwezo wa kubeba ni vitu viwili. Fungua mlango wa dereva, tafuta kibati au stika yenye uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani gari pamoja na kila kilichomo. Toa uzito wa gari tupu ulioandikwa kwenye kadi au kitabu chake. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba, na watu wamo humo humo.

Tuseme dabo kebini yenye uzito wa juu wa kilo 3,000 na uzito mtupu wa kilo 2,100. Zinabaki 900. Mifuko 15 ya kilo 50 ni kilo 750. Wewe na vijana wanne, kwa kilo 75 kila mmoja, ni 375. Jumla 1,125: umezidisha kilo 225 kabla hujapakia jembe. Ukifunga bampa ya chuma na kifuniko cha bodi, unaweza kupoteza kilo 100 nyingine. Sasa chukua kebini moja isiyo ya 4x4, uzito wa juu 2,800, mtupu 1,700. Inakuachia 1,100 kwa bei ya chini. Ukiendesha wewe, na kijana mmoja kando, mifuko yote 15 inaenda na nafasi inabaki. Vijana wengine watatu watafute usafiri mwingine. Uliza pia kama uzito mtupu ulioandikwa umeshamhesabu dereva, kwa sababu vipimo vya Ulaya humtia ndani kwa kilo 75.

Tena angalia mzigo unapokaa. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa kama mita 1.5, na sehemu kubwa yake iko nyuma ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma. Ukiweka saruji pale, chasisi inakuwa kama ubao uliokanyagwa kwenye ncha: inapindia nyuma ya kebini. Dalili ya kwanza ni upenyo kati ya kebini na bodi, ambao juu unakuwa mpana kuliko chini. Ukiuona huo kwenye gari lolote unaloonyeshwa, liache. Kebini moja ina bodi ya kama mita 2.3, hivyo ekseli inabaki chini ya mzigo. Plaiwudi ya mita 2.44 itachungulia nje kwa chini ya shibiri. Kwenye dabo kebini itatoka karibu mita nzima.

Kama vijana lazima wapande wote, safari mbili za kebini moja huenda zikakugharimu kidogo kuliko springi na beringi za dabo kebini iliyochoshwa.

Swali: Yadi ya kwanza inanipa mkopo wa riba asilimia 10 kwa mwaka, ya pili asilimia 12. Ya tatu inasema nilipe kidogo kidogo kwa miaka saba. Nimechanganyikiwa.

Jibu: Kabla ya kulinganisha 10 na 12, uliza riba inahesabiwa juu ya nini. Kuna inayohesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Na kuna inayohesabiwa kwenye salio, kwa hiyo inapungua kila ukilipa.

Fanya mkopo kuwa 100 ili hesabu iwe nyepesi, muda miaka minne. Asilimia 10 juu ya mkopo wote ni 10 mara 4, yaani riba 40. Unarudisha 140. Asilimia 12 kwenye salio, kwa marejesho sawa ya kila mwezi, inafika kama 126.4. Ile "12" ni nafuu kwa 13.6 katika kila 100 uliyokopa. Ukiigeuza ile "10" iwe riba ya kwenye salio, ni karibu asilimia 17.6. Wauzaji wanalijua hili vizuri sana.

Miaka saba sasa. Kwa asilimia 12 kwenye salio, rejesho la mwezi linashuka kutoka 2.63 la miaka minne hadi 1.77, na ndicho kinachovutia. Jumla inapanda hadi 148.3. Lakini tazama mwisho wa mwaka wa tatu: umeshatoa 63.6 na bado unadaiwa 67. Gari likiibwa au likipinduka wakati huo, bima italipa thamani yake ya siku hiyo, si deni lako. Ikiwa thamani imeshuka chini ya 67, tofauti inatoka mfukoni mwako na gari huna.

Wengine hutangaza riba sifuri. Mara nyingi anayechukua riba sifuri ananyimwa punguzo la taslimu, basi uliza yote mawili. Mfano: bei 100, ama riba sifuri kwa miezi 36, ama punguzo la 8 ukaenda kukopa benki. Benki ikitoza 12 kwenye salio, 92 zako zitarudi 110, kwa hiyo chukua riba sifuri. Ikitoza 5, zitarudi kama 99.3, na hapo hakuna tofauti ya kugombania. Mwenye pesa mkononi achukue punguzo.

Mwambie kila muuzaji akuandikie tarakimu moja tu: bei ya kuondoka nayo, ikiwa na kodi, usajili, ada za makaratasi, usafirishaji na vitu walivyokwisha kufunga. Zulia, rangi ya kinga chini ya gari na "ulinzi wa viti" huongezwa dakika ya mwisho, mtu akiwa ameshashika kalamu. Ipate kwa maandishi kutoka yadi tatu kwa gari la toleo lile lile, kisha rudi kwa uliyempenda na karatasi ya aliye chini. Na usianze mazungumzo kwa kutaja unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Ukishataja, watarefusha muda mpaka rejesho lifike hapo, na bei haitaguswa.

Swali: Nimepata pikapu ya dizeli, mpya, haijasajiliwa, ila imekaa yadini kama mwaka na nusu. Wanapunguza bei vizuri. Kuna mtego?

Jibu: Mara nyingi hii ndiyo dili bora kuliko zote, mradi uijue siku yake ya kuzaliwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Chini kuna kitambaa chenye tarehe mkanda ulipotengenezwa. Kisha soma matairi: baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho, 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Soma yote manne na la akiba. Tairi moja likiwa la mwaka tofauti, uliza lile la kwanza lilienda wapi. Namba ya chasisi ina alama 17, na kwa magari ya soko la Marekani ya Kaskazini ile ya kumi ni mwaka wa modeli: P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Kwingine si watengenezaji wote wanaoifuata, usiitegemee peke yake.

Betri ipimwe gari likiwa halijawashwa kwa saa kadhaa. Volti 12.6 imejaa. 12.4 imepungua, ichajiwe ipimwe tena. Chini ya 12.0 usikubali kuambiwa "itajichaji barabarani": betri iliyokaa tupu kwa miezi hugandiwa na salfa kwenye sahani zake na haitarudi kuwa nzima. Dai mpya. Breki zenye kutu nyepesi zitajisafisha kwa kukanyagwa mara chache, ila diski yenye vishimo itatetemesha usukani. Matairi yaliyosimama mahali pamoja huota ubapa. Endesha kilomita 20 au 30, na mtetemo usipoisha, yabadilishwe. Inua boneti utafute mavi ya panya na nyaya zilizotafunwa.

Oili ya injini ibadilishwe hata kama gari lina kilomita 40 tu, kwa sababu inachakaa kwa muda pia. Kama injini ni ya Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi) yenye tangi la AdBlue, ambayo ni maji yenye urea asilimia 32.5 ya kusafishia moshi, AdBlue hiyo imwagwe na kujazwa mpya. Joto na muda huiharibu. Filta ya masizi kwenye ekzosi nayo huziba kwa gari linalowashwa dakika mbili, likasogezwa, likazimwa. Taa yake isiwake dashibodini. Dizeli unayotumia iwe ya salfa isiyozidi miligramu 10 kwa kilo. Kama mahali pako haipatikani, gari hilo litakusumbua hata likiwa bure.

Mwisho, waranti iandikwe kuanzia siku unayokabidhiwa. Gari lililowahi kusajiliwa kwa jina la yadi, au la kujaribia, huwa limeshakula sehemu ya waranti, na punguzo lazima lilifidie hilo.

Swali: Ninayoitaka imenishinda bei. Kuna pikapu nyingine ya aina hiyo hiyo kwa jina lingine?

Jibu: Zipo. Mazda BT-50 ya kuanzia 2020 imejengwa juu ya Isuzu D-Max, na Volkswagen Amarok ya kizazi cha pili ni ndugu wa Ford Ranger. Linganisha bei za mapacha hao kwa vifaa vilevile. Anayeuzika kidogo sokoni ndiye mwenye punguzo kubwa, lakini naye atakusumbua siku ya kumuuza. Ukipanga kukaa naye miaka kumi, hilo halikuhusu sana. Chasisi na injini zinaweza kufanana, ila taa, milango na bampa havifanani. Kabla ya kulipa, muulize muuza spea bei ya taa moja ya mbele na itachukua siku ngapi kufika.