Nilipunguzwa tumbo, sasa najuta: je, nimebadilisha maumbile ya Allah?

SWALI

Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi South C. Miezi kumi na sita iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo hapa Nairobi, ule wa kukata sehemu ya tumbo na kuitoa kabisa. Nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa sentimita 162, kisukari, presha, na magoti yasiyonibeba hata kwenye swala. Leo nina kilo 87, na daktari ameniachisha vidonge vya sukari. Lakini kila usiku nina kiungulia, nywele bado zanyonyoka, na nikizidisha tonge mbili natapika. Ustadh mmoja alisema kwenye darsa kwamba aliyekatwa tumbo amebadilisha maumbile ya Allah, kwamba maradhi yanayomfuata ni adhabu, na kwamba angefunga Jumatatu na Alhamisi angepungua bila kisu. Tangu siku hiyo mamamkwe amenigeuka, na mimi mwenyewe najuta. Siku nyingine sioni sababu ya kuamka. Je, nina dhambi? Ramadhani iliyopita sikufunga hata siku moja. Nifanyeje? Na hii inayokuja nifunge?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, kwa jambo ulilofanya huna dhambi, wala hudaiwi toba. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa naona neno la darsani limekukaa kifuani kuliko hicho kiungulia, na ni neno lisilo na mguu wa kusimamia.

Aya anayoishika ustadh ni ya 119 katika Suratun Nisaa, Iblisi anapoapa kwamba atawaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Katika aya hiyohiyo, kabla ya maneno hayo, inatajwa kukata masikio ya mifugo, ada ya washirikina kwa ajili ya masanamu yao. Ibn Abbas amepokewa akifasiri "maumbile ya Allah" hapo kuwa ni dini ya Allah. Wengine wakataja kuhasi na kuchanja chale. Mgonjwa anayetafuta tiba hamo. Kisha kuna hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyo katika Bukhari na Muslim, inayowalaani wanaochanja chale, wanaonyoa nyusi na wanaotenganisha meno. Wengi huisoma nusu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema wanaofanya hivyo "kwa ajili ya urembo", na Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, hatuna pa kumkwepa, ameeleza kwamba kwa maneno hayo kilichoharamishwa ni kile kinachotafutiwa uzuri. Kikihitajika kwa matibabu au kwa kuondoa kasoro, hakuna ubaya. Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akatia pua ya fedha ikamwozea, na Mtume akamwamrisha atie ya dhahabu, madini ambayo mwanamume amekatazwa kuyavaa.

Kwa hoja ya ustadh, akina mama wanaopasuliwa kila siku pale hospitali ya uzazi ya Pumwani ili watoto wao watoke salama nao wamebadilisha maumbile. Aliyetolewa kibofu cha nyongo kilichojaa mawe naye vivyo hivyo. Sijamsikia akiwasomea hao aya hiyo. Anaisoma kwa mwenye mwili mnene tu, na hapo ndipo ninapoona kwamba kinachosema si fiqhi bali ni dharau.

Najua atajibu kuwa nyongo ilikuwa mbovu, ilhali tumbo la huyu mama lilikuwa zima. Hii ndiyo hoja yake yenye uzito, basi tuipime. Upasuaji uliofanyiwa huondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, pamoja na ile sehemu ya juu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Maana yake tumbo halikukatwa ili liwe dogo tu. Imeguswa mashine inayouamrisha mwili kula na kutunza mafuta. Ugonjwa ulikuwa kwenye mashine hiyo, na ulikuwa umeshazaa kisukari na presha. Ukigawanya kilo 128 kwa urefu wako wa mita 1.62, kisha jibu hilo ukaligawanya tena kwa 1.62, unapata karibu 49, nacho ndicho kipimo cha unene (BMI). Tangu 1991 madaktari wamekuwa wakiruhusu upasuaji wa kupunguza uzito kuanzia 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama yako, na mwaka 2022 wakashusha hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Wewe ulikuwa mbali ndani ya mpaka. Wanazuoni nao hawakulala: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kupunguza uzito kwa njia za kitaalamu, upasuaji ukiwemo, pale unene unapokuwa hali ya ugonjwa, ikakosekana njia nyingine, na madhara yakaaminika kuepukika.

"Angefunga tu." Hili linaniudhi zaidi, kwa sababu linamtuhumu Muislamu ulafi bila shahidi. Hadithi ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi ni adabu tukufu, lakini haikuja kuwa fimbo ya kuwapigia wagonjwa. Mtu mwenye unene wa kiwango hicho akipunguza kula, homoni ya njaa hupanda na mwili hupunguza matumizi yake ya nguvu ili urudi ulikokuwa. Ndiyo sababu wengi hupungua kilo kumi na kurudisha kumi na mbili. Anayemwambia mgonjwa wa kisukari afunge Jumatatu na Alhamisi bila kujua anameza dawa gani anaweza kumshusha sukari hadi azimie.

Na hiyo "adhabu" ameipata wapi? Ayyub, amani imshukie, aliugua akiwa nabii. Katika Bukhari na Muslim imekuja kuwa hakuna uchovu wala maradhi yanayompata Muislamu, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwayo sehemu ya makosa yake.

Nisieleweke vibaya. Mwenye kilo 75 anayetaka kwenda kupunguzwa kwa sababu ya picha za harusi, jibu lake si hili. Wala kunyonywa mafuta kiunoni si upasuaji huu, hakutibu kisukari. Na yeyote anayelitafuta jambo hili ahakikishe kwanza kuwa daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari (KMPDC), na kwamba kuna mtaalamu wa lishe atakayemfuata miaka, si wiki mbili.

Sasa tuje kwenye majuto yako. Walio wengi waliofanyiwa upasuaji huu hawajuti, na kuna utafiti wa Sweden ulioanza 1987, ukafuata watu zaidi ya 4,000, ukaonyesha kwamba waliopasuliwa ili kupunguza uzito walikufa wachache kuliko wenzao wa uzito kama wao ambao hawakupasuliwa. Lakini wanaojuta wapo, na si wasiomshukuru Mungu. Wengine kiungulia kimewashinda. Wengine waliahidiwa mwili wa ujana wakabaki na ngozi inayoning'inia. Wengine uzito umeanza kurudi baada ya mwaka wa pili, jambo la kawaida kwa kiasi fulani, wakadhani wamefeli. Wapo pia ambao chakula kilikuwa ndiyo liwazo lao, na liwazo lilipoondolewa hakuna aliyewaonyesha jingine. Na wapo wanaojutishwa na ndimi za watu. Katika barua yako nimeona la kwanza na la mwisho. Mtume ametufundisha, katika Sahihi Muslim, tupupie linalotufaa, tumtake Allah msaada, na likitusibu jambo tusiseme "lau ningefanya kadha", kwani lau hufungua kazi ya shetani. Tumbo lililotolewa halirudi. Linalokufaa sasa ni kutibu kilichobaki, na kinatibika.

Kiungulia baada ya upasuaji wa aina yako ni tatizo linalojulikana sana. Usile chochote ndani ya muda wa saa tatu kabla ya kulala, inua kichwa cha kitanda kwa sentimita 15 hivi kwa matofali, si kwa mito tu, na mwombe daktari dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Kisipoisha, dai endoskopi, yaani kamera inayopitishwa kooni. Kikiwa kikali, upasuaji huo unaweza kugeuzwa kuwa ule wa njia ya mkato (bypass), unaokipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya tumbo, ambao mara nyingi hukituliza. Kwa hiyo hujafika mwisho wa njia. Usimeze Brufen wala diklofenaki magoti yakiuma, zinachoma tumbo. Tumia paracetamol, na usome pakiti, maana dawa nyingi za kichwa za dukani zimechanganywa na aspirini.

Nywele hunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota. Zako zikiendelea mwezi wa kumi na sita, kuna kitu kimepungua. Pima akiba ya madini ya chuma, B12, vitamini D na zinki, na uhesabu protini: gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo anza kila mlo kwa samaki, kuku, ndengu au maziwa mala, wanga baadaye. Mwanamke anayepata hedhi huhitaji miligramu 45 hadi 60 za chuma kila siku. Usikimeze kidonge hicho na chai ya maziwa, wala pamoja na kalsiamu. Viachane saa mbili. Zile peremende za vitamini hazitoshi, nyingi hazina chuma kabisa, na jelatini yake huijui imetoka kwa mnyama gani.

Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, usingoje. Vitamini B1 huisha upesi, na dalili zake ni kuona vitu viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa. Waambie hospitali umepunguzwa tumbo, wakupe B1 kabla ya dripu ya glukosi.

Ramadhani iliyokupita una udhuru, na deni lako ni qadha, yaani kuzifunga siku hizo baadaye, si fidya ya chakula, kwa sababu unatarajiwa kuweza. Si lazima siku zifuatane. Ukiweza kulipa kisha ukachelewesha bila udhuru hadi Ramadhani nyingine iingie, ndipo kwetu Mashafi huongezwa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Udhuru ukiendelea, hakuna kibaba. Madaktari wengi huzuia kufunga mwaka wa kwanza. Wewe umeuvuka, basi ukipata ruhusa baada ya vipimo, jaribu siku moja ya qadha kabla ya mwezi kuandama. Ukihisi kizunguzungu, fungua bila kuona haya.

Saumu ya Nairobi ni saa kumi na tatu na ushei mwaka mzima, na huwezi kugugumia maji. Unahitaji lita moja na nusu, nayo itapatikana kwa mililita 150 kila nusu saa kwa saa tano, usiyachanganye na chakula. Futuru kwa maji na tende moja, uswali Maghrib kwanza, kwani rukuu na sujudi juu ya tumbo lililojaa hukirudisha chakula. Kaimati za shira ziache. Sukari nyingi ikishuka ghafla kwenye utumbo huleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Daku ile mapema, ukae wima hadi Alfajiri. Asidi ikipanda mdomoni mchana, iteme na usukutue. Ikirudi yenyewe bila uwezo wako, saumu ni sahihi, ila ukiimeza nawe ungeweza kuitema, imebatilika. Matapishi yaliyokushinda hayafunguzi, wala kwa madhehebu yetu hayatengui udhu, bali mdomo na nguo vioshwe.

Kwenye sinia la harusi usijilazimishe. Mtume amesema mwenye kualikwa aitike, kisha akitaka atakula, akitaka ataacha. Mamamkwe nitamwomba mumeo amsomee jibu hili, na msomaji awe yeye, si wewe.

Na lile la kutoona sababu ya kuamka, usilifiche nyuma ya kiungulia. Huzuni nzito baada ya upasuaji huu inajulikana kitabibu, na hatari ya mtu kujidhuru huongezeka. Mwambie mumeo leo, na muende pamoja kwa daktari wa maradhi ya akili wiki hii, kabla ya hata hiyo endoskopi. Likikuzidi usiku, nenda hospitali usiku huohuo.

Wallahu a'alam.