Uliona kisu, au ulikiona kisu?

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya saikolojia ya mahakamani huniuliza kila mwaka waanze na kitabu gani. Mimi nawaambia waanze na kiambishi.

Mwaka 1975 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na Guido Zanni waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya gari, kisha wakawauliza maswali. Baadhi waliulizwa kama waliona taa ya mbele iliyovunjika, taa yoyote ile. Wengine waliulizwa kana kwamba taa hiyo inajulikana kuwapo. Kwa Kiingereza tofauti ilikuwa kineno kimoja tu, "the" badala ya "a", lakini walioulizwa kwa namna ya pili walikubali zaidi kwamba wameona hata kitu ambacho hakikuwamo kwenye filamu.

Kiswahili hakina kineno hicho, ila kina chake. "Uliona kisu?" ni swali. "Ulikiona kisu?", kwa kiambishi "ki" tu, limeshamwambia shahidi kwamba kisu kilikuwapo. Mtafiti anayetafsiri dodoso la Kiingereza usiku mmoja hataliona hilo. Mimi sikuliona. Katika utafiti wangu wa kwanza niliandika "ulikiona", "uliliona", "uliiona" kila mahali kwa sababu yalinikaa vizuri mdomoni, na majibu niliyoyakusanya kwa wiki kadhaa sikuweza kuyatumia. Niliumia, maana watu walikuwa wamenipa muda wao bure.

Kwa watu mambo ni magumu zaidi, kwani "ulimwona" hatuwezi kulikwepa: kiambishi cha mtendwa ni lazima pale. Badala ya "Ulimwona yule mwenye kofia?" sema "Nisimulie ilivyokuwa tangu ulipofika," halafu nyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuuliza; jifunzeni mapema.

Jambo la pili ni lile linalotokea baada ya jibu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha kwamba shahidi aliyechagua mtu asiye sahihi kati ya watu aliowekewa, akiambiwa tu kwamba amemchagua mtuhumiwa, baadaye husema alikuwa na uhakika tangu mwanzo na hata kwamba alimwona vizuri zaidi. Haongopi. Kumbukumbu yake ya uhakika wake imebadilika. Ndiyo maana anayeongoza gwaride la utambuzi, yaani safu ya watu ambamo shahidi anatakiwa kumtafuta mhalifu, asijue mtuhumiwa ni yupi: hata akifunga mdomo, uso wake unaweza kusema. Kule North Carolina, Marekani, Ronald Cotton alifungwa zaidi ya miaka 10 kwa ubakaji kabla ya kipimo cha vinasaba (DNA) kumwondolea hatia mwaka 1995. Mwathirika, ambaye alikuwa amejitahidi kwa dhati kuukariri uso wa mbakaji, alisita mbele ya picha na mbele ya gwaride; baada ya kuambiwa kwamba amemchagua yuleyule wa kwenye picha, mahakamani hakusita tena.

Msidhani haya ni ya huko tu. Someni hukumu zetu. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu mno, usiotegemewa mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe wote. Ikataka umbali, muda na mwanga vielezwe. Hakimu aliyesoma hukumu hiyo anajua maswali mengi ambayo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hayajui.

Siku moja wakili atakuuliza, "Je, shahidi huyu anasema kweli?" Usijibu. Wewe unaeleza mazingira yanayoifanya kumbukumbu iwe imara au ilegee. Kupima mtu ni kazi ya mahakama. Nimewaona wenzangu wenye elimu kubwa wakivutwa hapo, wakajibu, na ushahidi wao wote ukatupwa.

Na ukiwapo shahidi anapotazama safu, andika neno lake la kwanza kama alivyolitamka, na saa. Akisema "nadhani ni huyu wa tatu," andika "nadhani". Usiandike "amemtambua".