Bia ya moto na kashata

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, kila siku unasifia bia na chakula. Mimi nikinywa sili, nikila sinywi. Hivi nakosa nini?" Nilitaka kumjibu siku ile ile, nikajizuia, kwa sababu jibu lake lilikuwa bado jikoni. Jumamosi tumelila.

Mgahawa wenyewe uko hapa Moshi, mtaani kwetu: meza saba chini ya mwembe. Nimekula pale miaka tisa. Tangu Pasaka nilikuwa nambembeleza Mama mwenye mgahawa tualike watu kumi na wawili, apike sahani tano, zije moja moja, kila sahani na bia yake. Alikuwa ananijibu, "Mwanangu, watu wa hapa wakija kunywa wanataka choma na ndizi, basi." Nikamrudia, nikamrudia tena, mpaka akasema haya, njoo tupange.

Nieleze kwa nini niling'ang'ania. Miaka kadhaa nyuma nililipa hela nyingi kula chakula cha namna hii kwenye hoteli moja kubwa, mji mwingine. Nilinunua shati jipya kwa ajili ya usiku ule. Mhudumu alipoleta bia nyeusi iliyotoka kwenye barafu, nikamwomba ya moto, kama mtu yeyote anavyoomba baa yoyote ya Tanzania, maana kwetu "ya moto" ni bia ambayo haijawekwa kwenye friji tu. Aliyekuwa anaendesha shughuli akayarudia maneno yangu kwa sauti, meza nzima ikacheka. Nikamaliza kula, nikashukuru, nikaondoka. Nikilikumbuka lile cheko, mpaka leo donge linanipanda kooni.

Basi Jumamosi tulianza na dagaa wa Kigoma, wamekaangwa mpaka wakawa wanavunjika mdomoni, limao juu, pamoja na Kilimanjaro ya baridi. Ile ni bia nyepesi, asilimia 4.5, na gesi yake inasuuza mafuta ulimini. Unakula dagaa, unapiga funda moja, ulimi unarudi msafi, unakula tena kama hujaanza. Anayetaka kujaribu nyumbani aanzie hapo, hakuna gharama.

Sahani ya pili ndiyo niliyoipigania: mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, pamoja na mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Mbege ilitoka Kibosho asubuhi ile ile kwenye galoni, kwa sababu mbege haingoji mtu. Ukiilaza inaendelea kuchachuka. Ni ndizi mbivu zilizochemshwa, ulezi uliooteshwa ukasagwa, na uchungu wa gome la msesewe. Mtori ni mzito, una mafuta ya nyama, unakaa mdomoni. Mbege kwa uchachu wake inaukata, na kwa kuwa vyote viwili ni ndizi, havigombani. Mzee mmoja wa pale mezani, Mchaga wa kuzaliwa, aliniambia amekunywa mbege maisha yake yote na hajawahi kuiweka kando ya bakuli la mtori. Nilijivuna, sifichi.

Samaki alikuja, akaliwa, alikuwa mzuri.

Kwenye mbuzi choma tulikosea. Niliichagulia Safari, asilimia 5.5, na hapo nilikuwa sahihi: ina mwili wa kubeba nyama yenye moshi. Lakini kachumbari ilijaa pilipili kichaa. Uchungu wa bia na ukali wa kilevi vinaiwasha pilipili zaidi, haviizimi kama watu wanavyodhani. Dada mmoja alitokwa machozi, akaacha nyama yake. Iliniuma. Bia ikipanda nguvu, pilipili ishuke. Hilo lishikeni.

Halafu Guinness. Tangu mchana nilikuwa nimeziweka rafuni, nje ya friji, makusudi. Kandokando yake Mama akapanga kashata za karanga. Watu wakanitazama. Nikawauliza, pale kijiweni mnakula kashata na nini? Wakasema kahawa chungu. Nikawaambia, basi nusa. Bia ile inatengenezwa kwa shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, ndiyo maana harufu yake iko karibu na ya buni. Baridi kali inaifunga harufu hiyo. Ikiwa ya moto inafunguka yote. Wakanusa, wakamega kashata, wakanywa. Kukawa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha yule mzee akasogeza glasi: "Niongezee ya moto."

Sasa nyinyi mnaosema mambo haya ni ya matajiri. Nilipima mwenyewe: chupa ya nusu lita tuliigawa kwa watu wanne, mililita 125 kila mmoja. Mara tano ni 625, yaani chupa moja na robo kwa muda wa saa tatu nzima. Hakuna aliyeyumba, na bado niliagiza bodaboda kwa waliokuja na magari. Ndugu zangu, tumejizoesha kunywa chupa nne na tumbo tupu, halafu saa sita usiku tunaitafuta nyama ambayo hata hatuisikii ladha. Tunailipia bia, hatuionji. Tunakipita chakula cha mama zetu tukidhani heshima iko kwenye hoteli. Anzeni na nyepesi, malizeni na nzito, kuleni kila mnaponywa, na msimwonee mtu aibu.

Msomaji wangu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao tunarudia. Safari hii Mama mwenyewe ndiye aliyenipigia. Anataka machalari, zile ndizi zinazopikwa na nyama, kwenye sahani ya pili, na ameniuliza kama kashata za nazi nazo zitakubali. Nimemwambia alete zote mbili, tuonje. Kiti chako kipo.