BMW inachemsha hata baada ya themostati kung'olewa: nifungue silinda hedi?

Swali: Mhandisi, pole na kazi. Mimi ni mkazi wa Mbeya na ninamiliki BMW 325i ya mwaka 2006, umbo la E90, iliyokuja kutoka Japani ikiwa imetumika. Miezi kadhaa iliyopita, nikipandisha mlima Kitonga, taa ya joto la injini iliwaka njano, kisha nyekundu, na feni ikavuma kwa nguvu isiyo ya kawaida. Nilisimama kando kwa nusu saa, gari likapoa, nikafika nyumbani bila shida. Fundi wangu alisema magari haya yametengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, akang'oa themostati, akaunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote, akajaza maji ya bomba badala ya kulanti, kile kimiminika maalumu cha kupozea injini. Sasa gari linakula mafuta kuliko zamani, asubuhi hita haitoi joto, na wiki iliyopita taa nyekundu imewaka tena. Fundi amefungua mfuniko wa oili akaona utando mweupe, anasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Mwingine ananishauri nitoe injini yote nifunge ya Toyota. Nimsikilize nani?

Jibu: Usimruhusu yeyote kati yao afungue injini hiyo kabla ya vipimo nitakavyovieleza hapa, kwa sababu katika maelezo yako yote sijaona ushahidi hata mmoja kwamba gasketi, yaani kizibo kilicho kati ya silinda hedi na bloku ya injini, imeungua. Ninachokiona ni kosa moja la ufundi lililozaa dalili mpya, na dalili hiyo mpya sasa inatumiwa kuhalalisha kosa la pili ambalo litakugharimu zaidi ya lile la kwanza.

Kauli kwamba themostati ni kifaa cha nchi za baridi naisikia karibu kila wiki, na sijui kauli nyingine iliyoua injini nyingi za Kijerumani katika barabara zetu kuliko hiyo. Wewe umeambiwa hivyo ukiwa Mbeya, ambako mwezi Juni na Julai watu huenda kazini wamevaa makoti, na bado msemaji hakuona kasoro katika hoja yake. Themostati haijali hali ya hewa ya nje. Kazi yake ni kuamua maji yapite wapi: yazunguke ndani ya injini pekee yakiwa bado ya baridi, au yapelekwe kwenye rejeta yakishafikia joto linalotakiwa, na joto hilo ni lile lile gari likiwa Munich, Dubai au Mwanjelwa.

Tena themostati ya injini yako, ambayo kwa jina la kiwandani ni N52, si ile ya kizamani inayotegemea nta na springi tu. Ndani ya nta yake kuna kipashio kidogo cha umeme kinachoamriwa na kompyuta ya injini. Ukiendesha kwa utulivu, kompyuta huyaacha maji yafike nyuzi 112 hivi za Selsiasi, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi, msuguano hupungua na mafuta huokolewa. Ukianza kuikamua injini, kama inavyokamuliwa pale Kitonga, kompyuta huipasha nta ili mlango ufunguke mapema na kiwango kishuke hadi 95 au hata 90. (Fundi aliyezoea magari ya zamani akiona 112 kwenye mashine yake ya kusomea gari hushtuka na kutangaza kwamba gari linachemsha, ingawa hapo lipo katika hali yake ya kawaida kabisa.)

Kingine ambacho huenda hukuambiwa ni kwamba themostati hii haiwezi kung'olewa peke yake, kwa kuwa imejengwa pamoja na nyumba yake ya plastiki. Anayesema ameing'oa, kwa kawaida amevunja utumbo wake kwa koleo, akarudisha ganda tupu mahali pake na kuchomeka soketi ya waya kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika ganda hilo tupu, njia ya mkato ambayo mlango wa themostati ulikuwa ukiifunga injini ikipata moto inabaki wazi wakati wote, hivyo sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Ndiyo maana gari lako ni baridi mno mjini asubuhi na moto mno mlimani; mambo hayo mawili hayapingani, chanzo chake ni kimoja.

Sasa tazama utando mweupe. Injini isiyofikia joto lake haiukaushi mvuke wa maji unaotokana na uunguaji wa mafuta. Mvuke huo hupanda, huganda chini ya mfuniko wa oili ulio baridi, na kuchanganyika na oili hadi kuwa povu zito jeupe. N52 inajulikana kwa hilo hata huko Ulaya, hasa kwa watu wa safari fupi wakati wa baridi, na wala gasketi zao hazijaungua. Fundi wako aliiondolea injini joto, ubaridi ukaleta utando, naye anauonyesha utando huo kama ushahidi wa kufungua silinda hedi. Ulaji wa mafuta nao unatoka huko huko, kwa kuwa kompyuta ikisoma kwamba injini bado ni baridi huendelea kuongeza petroli.

Turudi kwenye siku ya Kitonga, maana ndiyo yenye jibu. Pampu ya maji ya N52 haizungushwi na mkanda. Ni pampu ya umeme, na kompyuta huamua kasi yake kulingana na hitaji. Hutumia wati 200 hivi, wakati pampu ya mkanda inaweza kuinyang'anya injini hadi kilowati 2. Ni kifaa kizuri, lakini kina tabia mbaya moja: kikichoka mara nyingi hakivuji wala hakipigi kelele. Husimama ghafla kikiwa cha moto, na kikipoa huzunguka tena, wakati mwingine kwa wiki au miezi. Taa ya njano, kisha nyekundu, feni kuvuma, mapumziko ya nusu saa, halafu safari kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea: hiyo ndiyo picha kamili ya pampu inayokata kauli. Pampu hizi huanza kuchoka baada ya kilomita laki moja na kitu, na kwa gari la mwaka 2006, ikiwa bado ni ile ya kiwandani, muda wake umekwisha kitambo. Na zingatia kwamba feni ilivuma. Kompyuta iliona joto na ikaiamuru izunguke kwa nguvu zote, nayo ikatii, maana yake feni ilikuwa nzima. Fundi ameharibu nyaya za kifaa kilichokuwa kikifanya kazi na kukiacha kilichokufa.

Kuhusu maji ya bomba nitasema kwa ufupi. Mfumo huu hufanya kazi chini ya shinikizo, na mfuniko wa tangi ndio unaolishikilia. Shinikizo likipotea mahali kama Mbeya, juu ya mita 1,600, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, chini ya joto ambalo injini hii imepangiwa kufanyia kazi. Zaidi ya hapo, maji ya bomba huacha ukoko kwenye mirija myembamba ya rejeta na kuila alumini. Weka kulanti inayokidhi viwango vya BMW, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, na usichague kwa rangi, kwani rangi ni ya kutia tu na kila mtengenezaji hutia aipendayo.

Umeuliza, kupitia kwa fundi wako, kama magari haya ni ya nchi za baridi. Kampuni hii ilianza na injini za ndege, na injini iliyoipa sifa, BMW IIIa ya mhandisi Max Friz ya mwaka 1917, ilikuwa na silinda 6 katika mstari mmoja zilizopozwa kwa maji, mpangilio ule ule ulio chini ya boneti yako. Mwaka 1919 rubani Franz Zeno Diemer alipaa hadi mita 9,760 kwa injini ya BMW IV iliyofuata. Silinda 6 za mstari ziliingia katika gari la BMW mwaka 1933, katika modeli ya 303, na bado zinatengenezwa mpaka leo. Kiwanda cha kwanza cha BMW nje ya Ujerumani hakikujengwa Norwei. Kipo Rosslyn, karibu na Pretoria, Afrika Kusini, tangu mwaka 1973, na E90 nazo ziliunganishwa hapo. Watu waliohangaika na upozaji wa injini kwa zaidi ya miaka mia hawakusahau kwamba dunia ina jua.

Basi fanya hivi. Kwanza gari lisomwe kwa programu ya BMW yenyewe, si kwa kile kifaa kidogo cha bei rahisi kinachosoma makosa ya jumla tu, kwa sababu pampu huripoti kasi yake na makosa yake kwa kompyuta na mara nyingi kumbukumbu imo humo bado. Kisha apatikane fundi mwenye dawa ya kupimia gesi katika kulanti: ni kimiminika cha buluu kwenye kichupa kinachowekwa juu ya mdomo wa tangi, na iwapo gesi ya silinda inavuja kuingia kwenye maji, buluu hugeuka njano. Kipimo hicho humalizika kwa dakika chache na ndicho pekee kitakachonishawishi kuizungumzia gasketi. Mfumo upimwe pia kwa shinikizo ukiwa baridi. Buluu ikibaki buluu, badilisha pampu na themostati kwa pamoja, maana kazi ya kuzifikia kutokea chini ni moja, ukitumia bolti mpya za alumini, kisha rudisha nyaya za feni kama zilivyokuwa.

Mfumo ukishajazwa, usiwashe injini. Betri iunganishwe na chaja, swichi iwashwe, hita iwekwe kwenye joto la juu kabisa na upepo wa chini kabisa, kisha kanyagio la mafuta likandamizwe hadi mwisho kwa sekunde 10. Utaisikia pampu ikianza kuzunguka yenyewe, nayo itaendelea kwa dakika 12 hivi ikitoa hewa. Fundi asiyeujua utaratibu huu atakuachia hewa ndani, gari litachemsha siku hiyo hiyo, na pampu mpya ndiyo itakayolaumiwa.

Na iwapo buluu itageuka njano, hapo hedi itafunguliwa, lakini si na kila mtu. Kizimba cha N52, yaani bloku yake, ni cha magnesi iliyozungushwa kwenye kiini cha alumini, na kwa kuwa chuma na magnesi vikigusana kwenye unyevu huliana, bolti nyingi za injini hii ni za alumini, hukazwa kwa nyuzi za mzunguko na hutumika mara moja tu. Nimeona injini nzima zikitupwa kwa sababu mtu alirudisha bolti za zamani au alitafuta za chuma dukani akidhani anaimarisha.

Kufunga injini ya Toyota sitakushauri. Katika E90 dashibodi, gia, breki na hata betri huzungumza na kompyuta ya injini. Ukiitoa, utabaki na gari lenye taa nusu ya dashibodi na fundi mmoja tu duniani anayelielewa, naye akihamia Songea umekwisha.

Kinachonikera ni kwamba yaliyokupata si ya BMW peke yake. Umezuka ufundi wa kung'oa: themostati inang'olewa, sensa inakatwa waya, masega ya ekzosi yanayosafisha moshi yanatolewa na kuuzwa, taa ya chek injini inazibwa kwa utepe, rejeta inamwagiwa dawa ya kuziba au hata yai bichi, na gari likitoka gereji likiwa kimya kwa wiki mbili mteja anaamini limepona. Fundi wa namna hii ni rahisi kumtambua, kwa sababu hapimi kabla ya kutoa hukumu, na kila kifaa asichokielewa hukiita mapambo ya Wazungu. Mwombe akuonyeshe spea ya zamani aliyoitoa na akueleze ilikuwa na ubaya gani; akishindwa, usimwachie funguo.

Wanaotafuta E90 ya kununua mkononi, nao wengi wananiandikia, wapige magoti mbele ya gari kabla ya kusikiliza injini. E90 haina mshale wa joto la maji kwenye dashibodi, kwa hiyo muuzaji anaweza kukuendesha ndani ya gari bovu na usione kitu. Angalia nyaya za feni kama zimeungwa kwa utepe mweusi, fungua mfuniko wa tangi gari likiwa baridi uone kama ndani kuna kulanti au maji ya bomba, na uliza risiti ya pampu. Feni ikizunguka mara tu swichi inapowashwa asubuhi, kabla injini haijapata moto, kuna mtu ameshaiunga moja kwa moja, na bei mnayojadiliana ipunguzwe kwa gharama ya pampu, themostati, kulanti na kazi ya kurudisha nyaya, au mwache nalo.