Maswali ya Wasomaji: Taa za Gari Zilizoingia Ukungu

SWALI: Mheshimiwa mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni dereva, mkazi wa Arua, na kila wiki hupeleka abiria na mizigo midogo Kampala kwa gari dogo lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika. Vioo vya taa za mbele vimekuwa vya manjano na kuingia ukungu, hata usiku ninaporudi, nikishavuka daraja la Karuma, naona hatua chache tu mbele ya boneti. Kijana mmoja alinisugulia taa hizo kwa dawa ya meno, zikang'aa siku ile ile, lakini baada ya wiki chache zikarudi zilivyokuwa. Sasa mwenzangu mmoja ananiambia nizipake dawa ya kufukuzia mbu, na mwingine ananishauri nifunge balbu za wati 100. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yetu wa Arua, tunakuomba usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Kijana aliyekusugulia taa alifanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayolinda taa.

Kile tunachokiita kioo cha taa, katika magari mengi ya leo, si kioo. Hadi miaka ya 1980 taa nyingi zilikuwa za kioo halisi, ambacho hakigeuki manjano hata kikae juani miaka 40. Baadaye viwanda vilihamia kwenye plastiki iitwayo polikaboneti, kwa kuwa ni nyepesi, hufinyangwa kwa umbo lolote, na haivunjiki kwa kokoto inayorushwa na gurudumu la lori. Hata hivyo, plastiki hiyo huchubuka upesi, tena haivumilii mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua ambayo macho hayaioni. Mionzi hiyo hukatakata minyororo ya kemikali kwenye uso wa plastiki, na hapo ndipo umanjano unapotokea. Kiwanda hulijua hilo, na ndiyo maana kila taa hutoka ikiwa imepakwa utando mgumu, angavu na mwembamba sana wa kuikinga. Ukungu unaouona ni utando huo uliochakaa, pamoja na plastiki iliyobaki bila kinga chini yake.

Kwetu Uganda utando huo hupata taabu zaidi. Ikweta inapita nchini mwetu, jua la mchana hutupiga karibu wima mwaka mzima, na sehemu kubwa ya nchi iko kwenye uwanda wa juu wa zaidi ya mita 1,000, ambako hewa ya kuichuja mionzi hiyo ni pungufu kuliko pwani. Ongeza vumbi la murram na kile kitambaa kikavu ambacho vijana wa kuosha magari hulifutia. Isitoshe, ingawa tangu mwaka 2018 sheria imezuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, gari linaloruhusiwa bado huweza kufika hapa utando wake ukiwa umeshaliwa na jua la kwingine kwa miaka kumi au zaidi.

Jambo hili si la urembo. Mwaka 2018 shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilipima taa zilizochakaa namna hii na kukuta zinatoa takribani asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilipong'arishwa upya zilifikia asilimia 70 hivi. Mtu anayeendesha usiku kati ya Karuma na Pakwach, mahali ambapo ng'ombe, mtembea kwa miguu au lori lisilo na taa za nyuma huweza kuwa mbele yake wakati wowote, hana budi kuuhesabu upungufu huo kama hatari ya uhai.

Sasa tuyaangalie mashauri uliyopewa. Dawa ya meno ina chembechembe laini za kusugua, kwa hiyo huondoa tabaka la juu kabisa la uchafu na kuacha plastiki uchi mbele ya jua. Dawa ya mbu ni mbaya zaidi, kwa sababu kiambato chake kiitwacho DEET huyeyusha uso wa plastiki. Taa huonekana safi kwa kuwa mikwaruzo imelainika pamoja, kisha hunata vumbi na kuanza kupasuka nyufa ndogondogo. Petroli na thina nazo ni za kuepukwa kwa sababu hiyo hiyo. Kuhusu balbu za wati 100, balbu za kawaida za halojeni huwa za wati 55 au 60, na nyaya na soketi zimepimwa kwa kiasi hicho. Balbu kali zaidi huweza kuunguza soketi na kuharibu kiakisi cha ndani, na mwanga wake ukipita kwenye ukungu hutawanyika kila upande, ukampofusha dereva anayekuja bila wewe kuiona barabara vizuri.

Kabla ya kununua chochote, osha taa kwa maji na sabuni, kisha uimwagie maji safi na uitazame ikiwa bado imelowa. Ikiwa ukungu umepotea chini ya maji na kurudi inapokauka, basi tatizo liko juu ya uso wa nje na linaweza kutibiwa. Ikiwa haibadiliki, tatizo liko ndani au ni nyufa zilizozama katika plastiki yenyewe, na hapo msasa hautakusaidia. Tafuta taa nyingine nzima, na madukani Kisekka, soko la vipuri vya magari jijini Kampala, uichunguze juani kwa makini kabla ya kulipa, kwa maana taa iliyotumika huweza kuwa imepakwa polishi asubuhi hiyo hiyo.

Kazi yenyewe inataka subira. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka taa ili usiguse rangi ya bodi. Tumia msasa wa maji, ukianzia namba 800, au 600 ikiwa taa imeharibika sana, na uache maji yenye sabuni kidogo yatiririke muda wote. Tazama maji hayo: mwanzoni hushuka yakiwa na rangi ya manjano, kwa sababu ni utando wa zamani unaotoka, kisha hubadilika yakawa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Usiache kusugua kabla weupe huo haujaonekana taa nzima, hasa pembeni na sehemu ya juu inayotazama mbingu, ambako mafundi wengi hupita haraka. Kila unapobadilisha msasa, badilisha na mwelekeo wa kusugua, ili mikwaruzo ya msasa uliotangulia ikionekana ujue bado hujamaliza.

Hapa njia zinagawanyika, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ukitaka kinga ya kudumu, yaani klia ya magari (rangi angavu ya juu) inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha) na yenye kizuizi cha mionzi ya jua, ishia kwenye msasa wa namba 1000 hivi na usipige polishi, kwa kuwa klia huhitaji uso wenye mikwaruzo midogo ili ishike. Ikipuliziwa juu ya uso laini hubanduka. Usiogope ukiona taa bado ni nyeupe, maana klia ikishuka juu yake hujaza mikwaruzo na taa huwa angavu mbele ya macho yako. Safisha kwanza kwa spiriti, uiache ikauke, ndipo upulizie tabaka mbili au tatu nyembamba mahali pasipo vumbi. Tunakusihi umwachie kazi hii mpiga rangi mwenye barakoa halisi ya kuchuja kemikali, kwa sababu hadina ina aisosianeti inayoweza kumsababishia mtu pumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Klia iliyopakwa vizuri hudumu miaka kadhaa.

Njia ya pili ni kuendelea na msasa wa 1500, 2000 na 3000, kupiga polishi hadi taa ing'ae, kisha kupaka dawa maalumu ya kukinga taa na jua. Ni rahisi na salama zaidi, ila dawa hiyo hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa. Nta ya kawaida ya gari huisha baada ya wiki chache, na kwa jua letu hatuihesabu kuwa kinga. Kwa taa ambazo bado ni safi, utando wa plastiki angavu wa kubandika ndio tunaoupenda kuliko vyote, kwani huzuia mionzi na kokoto pamoja. Ule wenye rangi nyeusi uuache, kwa kuwa hula mwanga.

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Mbale. Mvua ikinyesha naona matone ndani ya taa moja ya gari langu. Je, nitoboe tundu dogo chini ili maji yatoke?

JIBU: Mwalimu, usitoboe. Taa ina vipumulio vyake, na mvuke mwepesi unaotoweka baada ya taa kuwaka kwa muda ni jambo la kawaida. Maji yakituama, fungua boneti uangalie kwanza kifuniko cha mpira nyuma ya balbu, ambacho mafundi hukisahau mara nyingi wanapobadilisha balbu. Kikiwa kimechanika au hakipo, weka kingine. Kifuniko kikiwa kizima, kagua gundi inayounganisha plastiki ya mbele na kasha. Ikaushe taa kabisa kabla ya kuiziba, maana maji yanayofungiwa ndani huambua rangi ya fedha ya kiakisi, na hiyo haina msasa wala polishi ya kuirudisha.